Skii za safari za milimani: pima urefu na ugumu wake ukiwa bado Dar

Skii, ule ubao mrefu wa kutelezea kwenye theluji, ni springi. Kiwandani huipinda kwa makusudi, hivyo ukiilaza sakafuni bila mzigo, katikati yake huinuka na kinachogusa chini ni sehemu ya karibu na ncha na ya karibu na mkia. Ukisimama juu yake, upinde huo unashuka. Unashuka kiasi gani? Hilo ndilo swali lenyewe la kuchagua skii, na jibu lake linaanza kwenye kilo zilizo juu yake. Urefu wa mtu unafuata.

Mwongozo huu ni wa anayeondoka Dar es Salaam kwenda kwenye theluji ya milimani, mbali na lifti na njia zilizosawazishwa kwa mashine: mwanafunzi anayekwenda Norwei, anayemtembelea ndugu yake Uswisi, mpanda milima aliyezoea Meru na Kilimanjaro ambaye sasa anataka kupanda na kushuka kwa skii. Vipimo vinavyoamua karibu kila kitu vinapatikana hapa hapa mjini: mizani, futikamba ya fundi cherehani, karatasi ya A4 na sakafu ya vigae. Ukifika kule bila namba zako, mwenye duka la kukodisha atakukadiria kwa macho, na macho yake hayalioni begi la kilo 14 uliloliacha hotelini.

Kwanza jua unakwenda kwenye theluji gani

Skii za safari za porini ni koo mbili, na kanuni ya ukoo mmoja haifai kwa mwingine. Mkanganyiko mwingi unaanzia hapa.

Ukoo wa kwanza ni skii za tambarare za milimani, zile Wanorwei wanazoziita fjellski. Ni nyembamba, zina kingo za chuma, kisigino cha buti kinabaki huru muda wote, na safari ni ya kilomita nyingi zaidi kuliko ya miteremko mikali. Uwanda wa Hardangervidda, huko Norwei, ndio mahali pake hasa: unatembea kutwa, unapanda kidogo, unashuka kidogo, unalala kwenye kibanda. Skii hizi zina upinde mkubwa katikati. Chini ya mguu kuna eneo la mshiko, ama linapakwa nta maalumu ya kushika, ama limechongwa magamba kama ya samaki. Ukikanyaga kwa nguvu, eneo hilo linashuka na kuishika theluji. Ukiacha kukanyaga, linapanda na skii inateleza.

Ukoo wa pili ni skii za kupanda na kushuka miteremko. Unapanda kisigino kikiwa huru, ngozi za kupandia zikiwa zimebandikwa chini ya skii. Ngozi hizo ni za nailoni au za mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, na nywele zake hulala kuelekea nyuma ili usirudi chini. Kileleni unabandua ngozi, unafunga kisigino, unashuka. Hizi ndizo skii za njia ya Chamonix hadi Zermatt, za Lyngen kaskazini mwa Norwei, na za theluji laini ya Hokkaido huko Japani.

Kwa ukoo wa kwanza, ugumu wa upinde ndio unaoamua kama utasonga mbele au utarudi nyuma. Kwa ukoo wa pili ngozi ndiyo inayoshika, kwa hiyo ugumu unahusu namna skii inavyogeuka na inavyotulia ukishuka.

Uzito: pima mara tatu

Jipime asubuhi, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi. Mizani ya kando ya barabara inafaa tu kama umeihakiki: mwombe mwenyewe uweke juu yake kiroba cha kilo 25 ambacho hakijafunguliwa uone inasema nini. Ikionyesha 27, kilo zako zote zitakuwa za uongo, na kilo mbili zinatosha kukuhamisha kwenye safu nyingine ya jedwali la kiwanda, lile linaloonyesha skii ipi ni ya kilo ngapi.

Kipimo cha pili ni wewe na mavazi ya baridi. Kwa kuwa Dar huna buti wala koti la theluji, ongeza kilo 5 hadi 7 kwa buti, koti, suruali na vitu vya mfukoni.

Cha tatu ni begi. Kwa safari ya kutwa, begi lenye koleo, kichokoo (fimbo ndefu ya kuchoma thelujini kumtafuta aliyefukiwa), maji, chakula na koti la akiba hufika kilo 7 hadi 10. Kwa safari ya kulala vibandani, kilo 12 hadi 15. Ukibeba hema, zaidi ya hapo. Lipakie nyumbani: chupa ya maji ya lita 1.5 ina kilo moja na nusu, kwa hiyo chupa tisa ni kilo 13 na nusu. Livae, upande tena kwenye mizani.

Andika namba zote tatu. Majedwali ya viwanda hayafanani: mengine yanataka uzito wa mwili peke yake, mengine uzito pamoja na mzigo, na maelezo hayo huwa kwa maandishi madogo juu au chini ya jedwali. Chukua mtu wa kilo 78 ambaye pamoja na mavazi na begi anafika 98: akiingiza 98 kwenye jedwali linalotaka uzito wa mwili atapewa skii ngumu kupita kiasi. Akiingiza 78 kwenye lile linalohesabu mzigo atapewa laini.

Kama umebaki katikati ya safu mbili, jiulize begi litakuwa zito kwa siku ngapi. Chakula na mafuta ya jiko hupungua karibu kilo moja kwa siku, hivyo kwenye safari ya siku tano usichague skii kwa ajili ya asubuhi ya kwanza. Chukua uzito wa siku ya katikati.

Urefu

Simama bila viatu, kisigino na mgongo ukutani, weka kitabu kigumu juu ya kichwa kikigusa ukuta, chora alama kwa penseli, pima kwa futikamba. Kipimo cha kwenye pasipoti au cha zamani shuleni kisikutoshe.

Kwa skii nyembamba za tambarare, ambazo kiuno chake (upana wa katikati) kina milimita 50 hadi 60 hivi, anza na urefu wako ukiongeza sentimita 15 hadi 25. Mwenye sentimita 172 anaangukia kati ya 190 na 195, au 200 kama ana mzigo mzito na atavuta sleji. Skii ndefu inaushika mstari ulionyooka, na huo ndio unaotaka ukiwa na kilomita 20 za uwanda mbele yako. Kwa za upana wa kati, milimita 60 hadi 70, anza na urefu wako ukiongeza sifuri hadi 15. Kwa pana zenye magamba, zaidi ya milimita 70, zinazotumika zaidi misituni na kwenye vilima vifupi, urefu wako wenyewe au pungufu kwa sentimita 10 unatosha.

Kwa skii za kupanda na kushuka, tumia uso wako. Anayejifunza: kati ya kidevu na pua. Anayegeuka bila hofu kwenye mteremko wowote wa kawaida: kati ya pua na paji la uso. Mzoefu anayekwenda kwenye theluji laini yenye kina: utosini au kuzidi kidogo.

Kisha rekebisha. Chukua urefu wako kwa sentimita, toa 100. Kwa mwenye 172 inabaki 72. Kama uzito wako pamoja na begi umezidi namba hiyo kwa kilo 15 au zaidi, panda saizi moja. Saizi za skii hizi kwa kawaida zinapishana sentimita 6 hadi 8. Hii si sayansi ya maabara, ni kipimo cha haraka cha kukutoa kwenye kosa kubwa, na kinafanya kazi hiyo vizuri.

Jambo linalowachanganya wengi ni ncha iliyoinuliwa. Skii nyingi za kisasa ncha yake inaanza kupanda mapema, mbali kabla ya mwisho wake, na baadhi hata mkia umeinuliwa. Sehemu hiyo haigusi theluji ngumu. Kwa hiyo skii ya 178 yenye ncha na mkia vilivyoinuliwa sana inaweza kugeuka kama skii fupi, na kwenye barafu ikashika kidogo kama skii fupi. Ilaze sakafuni, ikandamize katikati kwa mkono, sukuma karatasi kutoka nchani kuelekea katikati hadi ikwame. Fanya hivyo na mkiani. Umbali kati ya alama mbili ndio urefu unaofanya kazi kwenye theluji ngumu. Ukilinganisha skii mbili, linganisha namba hiyo kabla ya ile iliyochapwa.

Namba iliyochapwa nayo huteleza. Kiwanda kimoja hupima kwa kufuata mpindo wa ncha, kingine kwa mstari ulionyooka toka mwisho hadi mwisho, na tofauti ya sentimita moja au mbili ni ya kawaida.

Upana tuupitie haraka. Utaona namba tatu kama 68-54-61: karibu na ncha, kiunoni, karibu na mkia, kwa milimita. Kwa safari za machipuko kwenye milima ya Alps ya Ulaya, Machi hadi Mei, ambapo asubuhi theluji ni ngumu, kiuno cha 80 hadi 88 kinatosha na ni chepesi. Kwa skii moja ya kila kitu, 88 hadi 97. Kwa Hokkaido ya Januari, 105 na kuendelea. Kila milimita unayoongeza unaibeba kupanda, na ngozi zake pia.

Kosa la urefu linaonekana wapi? Skii ndefu mno inaonekana kwenye kona za kupandia. Mteremko ukiwa mkali unapanda kwa zigizaga, na kila kona unageuka kwa kuinua mguu mmoja, kuuzungusha, kisha kuvuta wa pili. Huo wa pili ndio unaogoma: mkia unajikita thelujini au unagonga skii nyingine, unayumba, na chini yako kuna mteremko. Kabla hujanunua, jaribu kona hiyo sebuleni kwa mbao mbili nyembamba za urefu unaoufikiria, zilizofungwa kwa kamba kwenye raba. Mbao hazina vifungio vya kushika buti, lakini nyonga yako itakuonyesha kama 184 inazunguka au haizunguki. Skii fupi mno inaonekana kwenye theluji laini: ncha inazama, mwili unatangulia mbele, unaanguka kifudifudi na begi linakumalizia.

Ugumu kwa mkono

Hakuna kipimo kimoja cha ugumu kinachotumiwa na viwanda vyote. Namba 7 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa 5 ya jirani yake, na neno «wastani» kwenye tangazo halikwambii chochote. Mkono unasema zaidi.

Simamisha skii, mkia ukiwa juu ya zulia au kandambili ili usichubuke. Shika ncha kwa mkono wa kushoto, uivute kwako, huku kiganja cha kulia kikisukuma katikati. Tazama umbo linalotokea. Unataka mpindo mmoja uliotulia kama wa upinde wa mshale, usio na mahali panapovunjika ghafla kama bawaba. Bawaba hiyo, hasa mbele ya buti, ndipo skii itakapojikunja ukiingia kwenye theluji nzito iliyolowa.

Kisha sukuma sehemu moja moja. Ncha iwe laini kuliko katikati. Mkia uwe sawa na ncha au mgumu kidogo. Ncha laini inapanda juu ya theluji ya unga na inasamehe makosa. Mkia mgumu sana unamsukuma anayejifunza kwenda mahali asipotaka. Mwishowe shika ncha kwa mikono miwili na uisokote kama unayekamua nguo. Skii isiyosokotika inashika vizuri kwenye mteremko mgumu wa asubuhi. Inayosokotika kirahisi itaachia ukingo wake mahali ambapo kuteleza ni kuteleza hadi chini.

Kwa mtu wa kilo 60 na begi dogo, skii laini hadi ya wastani inatosha. Kwa mtu wa kilo 90 na begi la kilo 14, ya wastani ndiyo mwanzo, na kiuno kiwe kigumu. Angalia pia skii zenye kaboni nyingi. Ni nyepesi, gramu 1,000 hadi 1,200 kila moja, na zinaweza kuwa ngumu sana. Uzuri wake unauonja ukipanda. Ukishuka kwenye theluji iliyoganda kwa mabonge, wepesi ukichanganyika na ugumu unaifanya skii irukeruke na kutetemeka, kwa sababu haina uzito wa kuituliza. Kwa safari ya kwanza au ya pili tungechagua gramu 1,300 hadi 1,500 zenye mbao ndani, na tungevumilia kuzibeba.

Ugumu kwa karatasi

Jaribio hili ni la skii nyembamba za tambarare, na hakuna lingine linalolifikia kwa bei yake. Ukinunua mtumba kwa mtu anayerudi kutoka Ulaya, au skii zikikufikia Dar kwa mzigo, lifanye kabla hujatoboa hata tundu moja la vifungio.

Tafuta sakafu iliyonyooka. Vigae vikubwa vya sentimita 60 vinafaa, lakini maungio yake yanadanganya, kwa hiyo weka juu yake ubao wa MDF ulionyooka wenye urefu kuzidi skii, au tumia korido ya terrazo. Pitisha rula ndefu. Ukiona mwanga chini yake, hama.

Tafuta mizania ya skii: iweke juu ya ukingo wa rula hadi isielemee upande wowote, kisha bandika utepe wa karatasi hapo. Vifungio vya skii hizi hufungwa pini au kishikio chake kikiwa kwenye mstari huo, hivyo simama ncha ya vidole vyako vya miguu ikiwa hapo. Laza skii zote mbili zikiwa zimeachana kwa upana wa nyonga. Kata A4 katikati kwa urefu, upate ukanda wa sentimita 10 hivi, uupitishe chini ya skii moja. Unahitaji msaidizi aliyepiga magoti. Wewe huwezi kuinama, kwa sababu ukiinama tu uzito umeshahama.

Vaa begi la chupa tisa. Gawa uzito sawasawa miguu yote miwili na utazame mbele, ukutani. Msaidizi avute karatasi nyuma na mbele taratibu, aweke alama inapokwama kila upande. Kwenye skii iliyokufaa, karatasi inapita bila kukwaruza kuanzia karibu na kisigino hadi sentimita 25 hadi 40 mbele ya vidole. Hilo ndilo eneo linalobaki hewani unapoteleza.

Sasa hamishia uzito wote kwenye mguu huo mmoja, ule mwingine ukigusa tu kwa kusawazisha. Karatasi ikwame kabisa chini ya mguu. Ivutwe, ichanike, isitoke.

Matokeo yanasomeka hivi. Ikiwa ukiwa kwenye mguu mmoja karatasi bado inapita, skii ni ngumu mno kwako: eneo la mshiko halitaifikia theluji, kila mlima utarudi nyuma, na mikono ndiyo itakayokupandisha kwa fimbo hadi mabega yaume. Ikiwa ukiwa kwenye miguu miwili karatasi imekwama tayari, ni laini mno: nta itasuguliwa na theluji muda wote na kuisha kabla ya saa sita mchana, au magamba yatanguruma na kukupunguza mwendo kwenye kila mteremko. Ikipita zaidi ya nusu mita mbele kwa miguu miwili, ihesabu kuwa ngumu hata kama imekwama kwa mguu mmoja.

Rudia bila begi. Ukiona kwamba bila begi ni ngumu kidogo na ukiwa na begi ni sawasawa, hiyo ni skii ya safari ndefu. Ukiona kinyume, yaani sawasawa bila begi na laini ukiwa nalo, ni skii ya safari za kutwa. Kati ya makosa mawili madogo, kwa anayejifunza tunapendelea kosa la ulaini. Mwendo unapungua, lakini milima inapandika, na miguu iliyochoka saa tisa alasiri haina nguvu ya kukandamiza upinde mgumu.

Skii pana zenye upinde mmoja mdogo zitakwama hata kwa miguu miwili. Hilo si kasoro, ndivyo zilivyotengenezwa.

Mfano kamili: mtu wa sentimita 172, kilo 78, mavazi 6, begi 14, jumla 98, siku nne Hardangervidda kwa kulala vibandani. Tunaanza na fjellski yenye kiuno cha milimita 54 hadi 60, urefu 190 hadi 200. Kwa kuwa analala vibandani na hajazoea, tunamweka 190 au 195, na jedwali la kiwanda litaamua ipi kati ya hizo inachukua kilo zake. Mtu huyo huyo akienda Alps mwezi wa Aprili anahama kabisa: kiuno cha milimita 85 hadi 90, urefu wa paji la uso (amepanda saizi moja kwa sababu ya kilo zake), yaani 164 hadi 170, ugumu wa wastani.

Buti, vifungio na matundu

Buti inaendesha skii. Buti laini na jepesi haliwezi kuilazimisha skii ndefu, pana na ngumu igeuke. Mguu unajikunja ndani ya buti na skii inaendelea ilikokuwa inakwenda. Chagua buti kwanza, kwa sababu buti lisilokaa vizuri haliponi kwa skii yoyote, kisha chagua skii inayolingana nalo.

Ubavuni karibu na kisigino cha buti pameandikwa urefu wa soli kwa milimita, mfano 297. Namba hiyo, na siyo saizi ya kiatu chako, ndiyo fundi anayoitumia kuweka kifungio. Kwenye skii za kupanda na kushuka kuna mstari wa katikati ya buti uliochapwa, anza hapo. Kusogeza sentimita moja nyuma kunasaidia ncha kuelea kwenye unga, zaidi ya hapo skii inakuwa nzito kugeuza.

Kazi ya kutoboa waachie mafundi wa duka la huko. Kama ni lazima ifanyike hapa, kina ni milimita 9 na si zaidi, kwa biti ya 3.5, au 4.1 ikiwa skii ina bati la chuma ndani. Kiwanda huandika namba hizo kwenye skii yenyewe. Zungushia utepe kwenye biti kuonyesha kina. Biti ya fundi milango isiyo na alama itatokea upande wa pili. Tia gundi ya mbao isiyopitisha maji kwenye kila tundu kabla ya skrubu. Kwenye skii ya mtumba, acha angalau milimita 10 kati ya tundu jipya na la zamani.

Nguvu ya kuachia ya kifungio hupangwa kwa uzito, urefu, umri, uzoefu na urefu wa soli. Usinakili ya rafiki. Na kwenye vifungio vya pini, kile kifunguo cha mbele unachokiinua ili buti lisichomoke unapopanda, kishushe kabla ya kushuka. Ukikisahau juu, kifungio hakiachii, na goti ndilo litakaloachia.

Ukituma ujumbe kwa duka la kukodisha, weka yote kwenye mistari michache: urefu, uzito bila mzigo, uzito na mzigo, urefu wa soli ya buti kama unalo, mahali unapokwenda na mwezi, siku ngapi umewahi kuteleza. Waombe wakujibu kwa namba tatu za upana na urefu wa skii waliyokuchagulia, ili uipitie mwenyewe.

Skii sahihi haikulindi na poromoko la theluji. Mengi yanayoua hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ile ile inayopendeza kushuka. Kifaa cha kutoa na kunasa mawimbi mwilini, kichokoo, koleo, kozi ya kuvitumia, na mwongozaji anayeujua mlima huo: bajeti yake iende kabla ya bajeti ya skii.

Joto na chumvi ya Dar

Skii ya 190 haiingii kwenye bajaji bila kutokeza nje pande zote mbili, na ikitokeza kwenye foleni ya Mwenge inagongwa. Chukua gari lenye siti za nyuma zinazolala. Shirika la ndege uliulize urefu unaokubalika kabla ya kukata tiketi, maana mengine huhesabu skii na buti kama begi moja na mengine hayafanyi hivyo.

Ukizihifadhi hapa, maadui ni watatu. Hewa ya bahari inakula kingo za chuma. Ukiishi Kigamboni, Msasani au Kunduchi utaona wekundu ndani ya wiki chache. Futa skii kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kabisa, kisha yeyusha nta nene chini yote hadi ifunike kingo, uiache hapo bila kuikwangua hadi siku ya safari. Unyevu unaingia kwenye mbao kupitia matundu yaliyo wazi. Ziba kwa plagi na gundi. Usizifunge kwa mikanda iliyokazwa katikati, kwa sababu miezi ya kukandamizwa kwenye joto inaua upinde ule ule ulioupima kwa karatasi.

Nta laini ya kwenye tyubu usiisafirishe bila mifuko miwili iliyofungwa. Kwa nyuzi 32 za Februari inakuwa maji na inalowanisha kila nguo. Ngozi za kupandia zinaogopa joto kuliko vyote. Gundi yake inalainika, na ukizibandua inabaki kwenye skii kama lami. Zikunje juu ya ule wavu wake wa plastiki, ndani ya mfuko, chini ya kitanda kwenye chumba chenye kivuli. Buti ya gari lililoegeshwa juani hapana, hata kwa saa moja. Kila mwezi zitoe, zikague kama zina ukungu, na upitishe kidole kwenye kingo za skii. Kikitoka na unga mwekundu, sugua kwa kifutio kigumu, upake nta upya.